Sauti Niliyoikwangua

Kisii Mjini,
Jumatatu asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili wote isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambacho habari zake zinakuja. Natumaini barua hii itawakuta nyote hapo Muheza mkiwa na afya, kifua cha Mama kimepoa, na michungwa imezaa mwaka huu. Na kinanda cha kanisa je? Ule mvukuto uliotoboka ulipata ngozi, au bado unaubandika vitambaa? Hapa mvua hunyesha kila siku alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na baridi yake ni ya kuvaa makoti mawili. Ungeniona ungecheka.

Baba, kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Aloisi, yule mtoto wa jirani yetu anayeendesha lori. Alipita hapa juzi na shehena ya chumvi, akanikuta nimefunga kidole kitambaa, akaulizauliza watu dukani, na wewe unaujua mdomo wake. Atakwambia kwamba Kornelio, mwana wa mwalimu wa kwaya, ameonekana kwenye ngoma ya kienyeji, amekaa katikati kabisa, mchana kweupe, karibu siku nzima. Ni kweli. Nilikuwepo. Naomba usome mpaka mwisho, halafu ukikasirika ukasirike kwa haki.

Bado nafanya kazi kwa yule Mhindi wangu, Bwana Devji. Mbele ni duka la vitambaa na sufuria, nyuma ndiyo karakana yangu. Tangu vita viishe kila mtu hapa anataka mlango wa mbao na dirisha la kufunguka, kwa hiyo kazi haikauki. Wenyeji ni Wagusii. Kiswahili wanakisema wakija mjini, wakirudi nyumbani wanakiacha njiani, nami kwa miaka yangu miwili lugha yao naijua salamu na bei tu.

Basi siku moja ya soko akaingia mzee kutoka Birongo, jina lake Nyakundi, amebeba mgongoni kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni ndama. Akakiweka juu ya meza yangu. Lilikuwa bakuli la mti, kubwa kuliko karai, limewambwa ngozi ya ng'ombe, lina mikono miwili mirefu na mti uliokatiza juu yake, na kati yake nyuzi nane nene za mishipa ya ng'ombe. Wenyewe wanakiita obokano. Ni kinanda chao. Mkono mmoja ulikuwa umeliwa na wadudu, umepasuka.

"Bwakire, fundi," akanisalimu.

"Bwakire, mzee."

"Hii mkono imekufa. Weka ingine. Mkono tu. Jumamosi ya wiki ile ingine binti yangu Kemunto anafanya enyangi."

Enyangi ni harusi yao kubwa ya kimila. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na kwa kumtania nikamuuliza kwa nini asiazime kinanda kingine akamwacha mzee huyu apumzike. Hakucheka. Akasema, "Mimi sina maneno ya mdomo. Yule mtoto nikitaka kumuaga, nitamwambia na hii." Alipofika mlangoni akageuka tena. "Mkono tu, fundi."

Alipoondoka nikapiga uzi mmoja kwa kidole. Baba, niliruka. Ulitoka mkoromo kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya debe, sauti nene, chafu, mpaka misumari ikalia ndani ya kopo lake. Nikakumbuka jinsi ulivyonifundisha nilipokuwa nakushikia taa chini ya kinanda: sauti ikikoroma kuna uchafu, au kuna kitu kimelegea, kitafute ukiondoe. Nikatafuta. Chini ya nyuzi, pale zinapopita juu ya ngozi, nikakuta donge jeusi la nta lililoshika vipande vya matete, na nyuzi zikitetemeka zinayagusa matete hayo. Nikasema moyoni, maskini mzee wa watu, miaka yote hii anapiga kinanda kigonjwa na hajapata wa kumwambia.

Mkono niliutengeneza vizuri, na sitajisifu zaidi ya hapo. Kosa langu ni kwamba niliendelea. Nilikisugua chote kwa msasa mpaka weusi wa moshi ukaisha, nikakipaka vanishi mara mbili. Lile donge nililikwangua kwa patasi nusu siku, maana lilikuwa gumu ajabu, na mabaki yake nikayatupa motoni chini ya kopo la gundi, yakawaka vizuri sana. Kisha nikakaza nyuzi, nikazipanga do, re, mi, nyuzi nane kwa sauti nane, nikaona kama Mungu mwenyewe alizihesabu. Nikapiga mstari mmoja wa wimbo wa jioni. Ukatoka laini, safi, bila hata chembe ya mkoromo. Nikasema laiti Baba angekuwa hapa asikie. Nilijiona nimempa mzee zawadi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, akaja na mkewe, Mama Kemunto, mwanamke mrefu mwenye pete za chuma miguuni kama walivyo wake wa huku walioolewa kwa enyangi. Nilikuwa nimekifunika kinanda kwa shuka. Nikakifunua kwa madaha.

Mzee alichutama, akagusa uzi wa kwanza, akagusa wa pili. Akalaza sikio kwenye ngozi. Akapiga zote nane, moja baada ya nyingine, akangoja.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nini, mzee?"

"Sauti."

Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, nikamwambia sauti ndiyo hiyo, nimeitoa uchafu.

"Ile nyeusi. Iko wapi ile nyeusi?"

Nikamwonyesha majivu. Akakaa chini pale pale, juu ya maranda. Ndipo akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba nta ile alianza kuiweka baba yake, kabla Mzungu hajaonekana Birongo, na kila mwaka waliongeza kidogo, ikapigwa na moshi wa jikoni mpaka ikawa ngumu kama pembe. Akasema, "Hiyo ndiyo mdomo yake. Sasa anasema kama mtu hana meno."

Baba, nilisimama na shuka mkononi, sijui niiweke wapi.

Mkewe alikuwa na mdomo wa kutosha watu wawili. "Wewe mogeni! Tulisema mkono! Tulisema mara ngapi? Unapewa mgonjwa wa mkono, wewe unakata ulimi! Mtoto yangu ataondoka kimya kama mtu ya kuzikwa? Hata kuzika sisi hatuzikangi kimya!"

"Wacha," mzee akamwambia. "Huyu hana ubaya. Huyu hana masikio."

Matusi ya mama yule niliyapokea, nilistahili. Lakini neno la mzee lilinichoma. Mimi, mwanao, niliyesimama kwenye kwaya yako tangu sijaota meno ya ukubwa, ninayeweza kusikia mtu mmoja akipotea kati ya thelathini, naambiwa sina masikio, tena na mtu anayenihurumia. Sikulala vizuri siku ile.

Ijumaa nikaomba ruhusa kwa Bwana Devji, nikatia patasi na gundi kwenye mfuko, nikaenda Birongo kwa miguu. Kutwa nzima tulihangaika mimi na mzee. Tulipata nta mpya kwa jirani mwenye mizinga, tukakata matete kijitoni, tukapachika. Mzee akipiga, mkoromo unatoka, unadumu kidogo tu, halafu nta inalegea na sauti inakufa. Tukachanganya na masizi. Ikafa. Nikatia gundi yangu. Ikafa vilevile. Kila ilipokufa, wanawake waliokuwa wakisaga nafaka upande wa pili wa ua waliacha kuzungumza, na nilijua wanaacha kwa sababu gani.

Jua lilipoanza kushuka Kemunto mwenyewe akaja akasimama karibu yetu. Ni msichana mpole, amesoma kidogo shule ya misheni, na mumewe anakamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu kule Nyansiongo, ndiko anakokwenda kukaa. Hakumuuliza baba yake. Aliniuliza mimi.

"Fundi, kesho itasema?"

"Itasema," nikamjibu. Nilisema uongo, Baba, na alijua.

Alipoondoka, mzee akanishika mkono wa kushoto, akauvuta mpaka kwenye ngozi ya kinanda. "Lete kidole." Akaweka kipande cha tete chini ya nyuzi, akaweka gumba langu juu ya tete. "Bana. Hapana, si sana. Legeza. Hapo. Usitoe." Akapiga.

Sijui nikuelezeje. Ule mkoromo niliukwangua kwa patasi, na sasa uliingia kwangu kwa kidole, ukapanda kiwiko, ukafika kwenye meno. Niliusikia mwilini kabla sijausikia masikioni. Nilishtuka nikataka kuuondoa mkono, naye akanizuia kwa macho. Huko uani wanawake wakapiga vigelegele.

Kwa hiyo, Baba, hivi ndivyo mwanao alivyofika katikati ya ngoma. Sikualikwa kucheza. Nilikuwa ile nta.

Jumamosi, jua lilipokuwa saa nne, nilikaa chini kando ya kigoda cha mzee, mkono kwenye ngozi, watu wamejaa uwanja mzima. Do re mi yangu alikuwa ameilegeza yote. Nilitafuta do, sikuiona. Nyuzi nene zilikuwa zikizunguka, zinarudi zilikotoka, hazianzi wala hazimalizi, na vidole vya mkono wa pili vinazijibu. Mzee aliimba kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu aliye karibu, wanawake wakampokea, na pete za chuma za miguuni zikawa zinaanguka pamoja. Nilianza kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, kama nilivyofundishwa. Kila nikifika nne, wao wako kwingine. Nilihesabu tena, nikapotea tena, mimi mwana wa mwalimu wa kwaya. Mwishowe nikaacha kuhesabu, na hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kutikisika yenyewe chini ya suruali. Niliona aibu mpaka nikaikalia miguu hiyo.

Mama Kemunto alikuwa hajanisamehe. Alikuja akachutama nyuma yangu, akawa ananitafsiria makusudi.

"Sasa anaimba wewe," akaninong'oneza. "Anasema kuna mgeni aliona beberu ana ndevu, akafikiri ni uchafu, akanyoa yote, halafu akangoja ashukuriwe."

Uwanja mzima ulicheka, watoto na wakwe wote. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Kisha Kemunto akatoka nyumbani na shangazi zake, na mzee akabadilisha wimbo. Kicheko kikaisha. Mama yake akaendelea kunitafsiria, lakini sasa si kwa kunikomoa. "Anasema alizaliwa mwaka ya nzige. Anasema hakukuwa na chakula, tukashiba kumwangalia." Wanawake wakampokea mzee. "Anasema Nyansiongo si mbali." Nyuzi zikazunguka, zikarudi. "Anasema ni uongo. Ni mbali." Baada ya hapo hakunitafsiria tena neno lolote, na sikugeuka kumtazama.

Kidole changu wakati huo kilikuwa kimeshapasuka kandoni mwa ukucha. Tete lilikuwa likinikata kila uzi ulipopigwa, damu inachuruzika kwenye ngozi ya kinanda, nami nasema moyoni bado kidogo, bado kidogo. Halafu maumivu yakanizidi. Nikainua kidole. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi moja tu.

Ngoma ilikufa, Baba. Sisemi ilipungua. Miguu yote ilisimama. Shangazi mmoja alibaki ameinua mkono. Kemunto akasimama njiani, anamtazama baba yake kama mtu aliyeitwa jina halafu aliyemwita akanyamaza. Na mzee hakuacha kupiga. Vidole vyake viliendelea vilevile kwenye nyuzi zile zile nane, na sauti iliyotoka ilikuwa safi, laini, haina hata chembe ya mkoromo, vile vile nilivyoitaka mimi. Haikumwambia mtu yeyote kitu chochote. Nikaisikia kwa masikio yangu haya, nikaona nilichokuwa nimekifanya pale karakanani. Hakuna aliyenigombeza. Watu wote waliutazama mkono wangu, wakangoja. Sijawahi kuogopa namna ile, hata ile siku mto ulipotaka kunichukua.

Nikarudisha kidole. Nikabana, wala sikujali tena maumivu. Sauti ikanguruma ikaingia tena ndani ya mifupa, miguu ikaanguka pamoja, na Kemunto akaanza kulia kwa sauti, akatembea. Mimi nililia pia. Neno hata moja sikulielewa wakati huo, na nililia kama aliyefiwa, mbele ya watu nisiowajua, na nyimbo zetu zote ninazozipenda hazijawahi kunifanya hivyo.

Walipokwisha kuondoka na bibi harusi, mzee alinisafisha kidole kwa maji ya chumvi. Mama Kemunto ndiye aliyeleta kitambaa. Mzee akasema, "Leo kidole yako imekuwa nta yangu. Jumapili kuja. Sasa tutafute nyuki." Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nakwenda Birongo, tunapaka nta kidogo, tunakining'iniza juu ya moshi. Nilimuuliza itachukua muda gani mpaka ifike ilikokuwa. Akasema yeye hataiona. Alisema hivyo bila hasira, akanipa uji.

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe, na Aloisi asikuongezee. Sikusemi vibaya, Baba. Kinanda chako kikikoroma kinaumwa kweli, na nikirudi nitakushikia taa kama zamani. Ila najiuliza nani alituambia, wewe na mimi, kwamba kila kinachokoroma kinaumwa. Nilikuwa na umri huu wote, Mwafrika kwa baba na mama, na sikuwahi kukaa chini nikausikiliza muziki wa Mwafrika mwenzangu mpaka ulipobidi kunikata kidole. Mshtuko huo bado haujaniisha. Naamka nao, napiga randa nao.

Nisalimie Mama sana, mwambie koti alilonishonea ndilo navaa ndani ya lile lingine. Nisalimie dada Felista na shemeji yangu, na mtoto wao ambaye hadi leo sijamwona uso. Nisalimie shangazi msuka ukili, na mjomba anayenidai kila siku nioe. Mwambie huku nimeona harusi moja imenitosha mwaka mzima. Na wanakwaya wote, sauti ya kwanza hadi ya nne.

Na Babu. Sijui nimwambie nini Babu. Kwa watu wazima nilisikia, wewe hujawahi kututajia, kwamba kabla ya kubatizwa alikuwa mpiga zeze na watu walimfuata kutoka mbali. Kila jioni tukiimba sala za nyumbani, vidole vyake huanza kucheza juu ya goti, kwa mwendo usiolingana na wimbo wetu. Nawe huuweka mkono wako juu ya mkono wake, kwa upole, mpaka vidole vitulie. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na siku zote nilidhani ni uzee unaomtetemesha.

Leo jioni, Baba, baada ya kusoma barua hii, nakuomba usimshike.

Mwanao,
Kornelio